Kitanda Kimoja Kilichobaki

Kutembea si kazi. Mtu yeyote mwenye miguu miwili na dhambi za kutosha anaweza kutembea kutoka Kisumu hadi Kilima cha Msalaba. Ni siku sita tu, ziwa likiwa mkono wako wa kushoto. Kazi ni kulala.

Debra alilijua hilo kuliko mahujaji wote thelathini na wanane, kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa katibu wa malazi. Cheo hicho kizito alikipata Jumapili moja baada ya ibada, kwa kosa la kucheka wakati Katekista Joram akiuliza ni nani angejitolea. Tangu hapo alikuwa mtu wa kutangulia. Wenzake wakiwa bado wanafunga kamba za viatu, yeye amekwisha panda pikipiki kwenda kubisha hodi kwa watu asiowajua. Angewauliza kama wana godoro la ziada, kwa ile sauti ya upole aliyojifunza shule ya bweni kila alipoitwa ofisini kwa mwalimu mkuu.

Daftari lake lilikuwa na safu tatu. Ya kwanza: jina. Ya pili: atalala kwa nani. Ya tatu, iliyojaa kuliko zote: hawezi kulala kwa nani.

Maana huku ziwani mtu halali popote tu kwa sababu amechoka. Mama hawezi kulala wala kula katika boma alikoolewa binti yake. Baba hawezi kulala nyumbani kwa mwanawe. Mkwe na mkwe hawalazwi chini ya paa moja hata kama nje kunanyesha mawe. Sasa chukua watu thelathini na wanane ambao kwa miaka sitini wamekuwa wakioana na watu wa pwani hiyohiyo, kisha uwatafutie vitanda. Utagundua kwamba nusu ya pwani ni wakwe wa nusu nyingine. Kule Kisian, Mzee Waswa alilala kwenye chumba cha mavazi ya kwaya kwa sababu boma lililokuwa na nafasi lilikuwa la mwanawe. Kule Asembo, wajane wawili walilazwa katika wodi ya kujifungulia ya zahanati, nao walicheka mpaka muuguzi akawatishia sindano.

Katika safu hiyo ya tatu, mbele ya jina la Mama Dorca, mama yake mzazi, Debra alikuwa amechora mstari mfupi. Maana yake: huyu hana mkwe popote pwani hii, analala kokote.

Aliuchora mwenyewe, na kila alipouona aligeuza ukurasa haraka.

*

Siku ya nne, saa tisa alasiri, Debra alisimama mbele ya lango la shule ya msingi lililofungwa kwa kufuli, akitazama wingu jeusi likija kutoka ziwani bila haraka, kama mtu anayejua hakuna pa kumkimbia.

"Mwalimu mkuu alikubali," alisema. "Aliniambia kwa simu, madarasa matatu, karibuni."

"Alisahau mtihani wa taifa unaanza kesho," alisema Walter. "Mtu wa nje haruhusiwi hata kuegemea ukuta."

"Na mjini Bondo?"

"Mahafali ya chuo. Wazazi wanalala hadi kwenye magari. Nimepiga simu kila lojing'i, Debra. Hakuna."

Walter alikuwa fundi wa injini za boti, kijana mrefu wa miaka ishirini na sita, mwenye mafuta meusi kwenye kucha ambayo sabuni ilikuwa imeyashindwa kabisa. Walikuwa wamependana mwaka mmoja na miezi minne, zaidi kwa simu. Leo walikuwa wamesimama hatua mbili kutoka kwa kila mmoja, na hizo hatua mbili zilikuwa ngumu kuliko kilomita zote kutoka Kisumu, kwa kuwa njia ilikuwa wazi na watu wa kijiji wana macho.

"Umekonda," alisema Walter.

"Ni jua. Usinitazame hivyo."

"Vipi?"

"Hivyo."

Akageuza macho akautazama mti wa mwarobaini. Debra akajuta mara moja kumwambia.

Kwa muda wa saa mbili walizunguka kijiji, na lazima isemwe kwa heshima yote kwamba watu wa kijiji kile walikuwa wema. Bi Zamzam na mumewe Yahya, wenye duka kubwa karibu na ufuo, walitoa vyumba viwili kwa akina mama saba. "Hija ni hija," alisema Bi Zamzam akiviringisha mkeka. "Mimi yangu bado natafuta nauli ya Makka. Yenu angalau mnatembea." Boma moja lilipokea watu wanne, jingine sita. Kila jina lilipoingia, Debra aliangalia safu ya tatu, akafuta, akahamisha, akafuta tena. Hadi saa kumi na moja watu thelathini na saba walikuwa na pa kulala.

Lilibaki jina moja na kitanda kimoja. Debra alijaribu kuvitenganisha kwa njia tisa. Kila alipomtoa mtu mahali ili mama yake aingie, yule aliyetolewa alikuwa mkwe wa kile kitanda kilichobaki, au mkwe wa jirani aliyekwisha lazwa humo.

Jina lilikuwa la Mama Dorca. Kitanda kilikuwa kwa Mzee Oketch, baba yake Walter.

"Hapana," alisema Debra.

Walter alilichukua daftari, akalisoma kama anavyosoma injini iliyokataa kuwaka. Akalirudisha taratibu.

"Debra, akilala kwetu ndiyo basi. Unamjua mzee wangu. Amekubali Desemba twende kwenu Obunga kujitambulisha. Ameshaazima hata shati la ndugu yake. Lakini mama yako akilala chini ya paa lake, atasema huyo amekuwa mgeni wa kawaida, si mkwe tena. Husema mtu uliyemwona akiamka kwenye kitanda chako humpelekei ng'ombe."

"Basi mwambie mama yako amkatae."

"Amkatae mwanamke aliyevimba miguu, yuko hija, na mvua hiyo inakuja? Atauliza kwa nini. Nikimweleza atapiga vigelegele, kijiji kizima kitajua, na mama yako atajua wa kwanza." Akaelekeza kidevu kwenye daftari. "Au umwambie wewe."

Kumwambia? Mama Dorca alikuwa mwanamke wa kukaanga mgongo wazi pale mtaani Obunga, Kisumu, yale mafupa ya samaki wa mbuta yanayobaki kiwanda kikishachukua nyama, na kwa mafupa hayo alikuwa amesomesha mabinti wawili. Wa kwanza, Quinter, aliolewa ufuoni. Alirudi baada ya miaka miwili na mfuko mmoja wa nguo na jino moja pungufu. Mpaka leo mama husimulia jinsi alivyopaswa kujua mapema: siku ya kwanza kabisa mkwe yule alipofika Obunga, aliingia ndani bila kusubiri, akafungua pazia, akakaa juu ya kitanda cha mama mkwe na viatu vyake, akaitisha chai. "Mtu wa ufuoni mwingine hataniingilia mlango," aliapa Mama Dorca, na Walter alipokuja mwaka jana kusalimia tu, alifukuzwa kabla hajavua helmeti. Mama aliamini hadithi ile iliishia pale. Alilisikia jina tu; hata uso wa kijana hakuuona.

Kwa hiyo Debra akisema, anampoteza Walter leo mbele ya kwaya nzima. Akinyamaza, anampoteza kesho asubuhi, mama yake akiamka na kusema asante.

"Nitafanya kitu," alisema.

"Kitu gani?"

"Sijui. Nilikuwa namtoa matroni bwenini kwa panzi watatu na kiberiti."

"Mama yako si matroni."

"Najua, Walter! Si ndiyo maana nalia?"

Hakuwa analia bado. Walter alinyoosha mkono, akakumbuka njia, akaurudisha mfukoni. Tone la kwanza la mvua lilianguka juu ya daftari, kwenye ule mstari mfupi.

*

Mahujaji walifika wakiimba, kila mmoja na sauti yake kwa sababu ya uchovu. Mama Dorca alikuja wa mwisho, akichechemea, viatu vya raba amevibeba mkononi, miguu imefungwa vitambaa. Katekista Joram alipanda juu ya jiwe kando ya duka la Bi Zamzam, akafungua daftari la malazi kwa ule uso aliouhifadhi kwa ajili ya Nyaraka za Mtume Paulo, akasoma majina. Mvua haikumharakisha.

"Mama Dorca," alimalizia. "Hapa hapajaandikwa. Katibu?"

Macho ya mahujaji wote yakamgeukia Debra.

"Bado natafuta," alisema Debra.

"Kuna kwa Mzee Oketch," alisema mwanakijiji mmoja mwenye msaada mwingi kuliko uliohitajika. "Kitanda kizima. Mkewe amechinja kuku."

"Bwana asifiwe," alisema Katekista, akaandika mwenyewe, akamrudishia Debra daftari.

"Kule kuna kunguni!" Debra alisema.

"Nimelala Obunga miaka thelathini," alisema mama yake. "Kunguni gani atanishtua?"

"Na jogoo anawika saa nane."

"Nitaamka nisali."

"Na... Mama, nimesikia kuna nyoka."

Mama Dorca alimtazama. Ulikuwa mtazamo wa mwanamke aliyewahi kuitwa shuleni mara nne, mara zote kwa sababu ya huyuhuyu. "Debra. Miguu yangu inawaka moto. Kama una mchezo wako wa bwenini, uweke mpaka Jumamosi. Twende."

Wakaenda. Njia ya kwa Mzee Oketch ilikuwa nyembamba, ua wa manyara kulia na ua wa manyara kushoto, tope katikati. Hakukuwa na kona ya kukatia. Debra alimshika mama yake kiwiko, na kila hatua aliyomsaidia kupiga ilikuwa hatua ya kujizika mwenyewe, tena kwa adabu.

Nyumbani kwa Mzee Oketch taa ilikuwa imewashwa. Mama Walter, mwanamke mnene mchangamfu ambaye maneno yake yalitoka mawili mawili, aliwapokea mlangoni kwa mikono yote.

"Karibu, karibu, mama wa hija! Yawa, ona miguu! Kaa, kaa hapa. Maji ya moto yapo, kuku yupo. Utalala kile kitanda changu, mimi nitajibana na wajukuu. Na huyu ni nani?"

"Mimi ni katibu tu," alisema Debra haraka.

Mzee Oketch aliinuka kitini, akavua kofia, akasalimia kwa maneno machache. Alikuwa mzee mwembamba wa kunyooka kama mlingoti. Kitanda kilionekana kupitia mlango wa chumba, shuka la maua limetandikwa, mto umepigwapigwa. Debra hakuwahi kuona kitanda cha kutisha kama kile. Ndoo ya maji ya moto ikaletwa. Sahani ikaletwa, paja la kuku juu ya ugali, ikawekwa kwenye mapaja ya Mama Dorca. Mama alifumba macho ashukuru kwa chakula, na Debra akaanza naye kuomba, ila sala yake ilikuwa tofauti.

Mama alipofumbua macho, alitazama nje.

"Huyo kijana ni nani?" aliuliza.

Nje, kando ya ghala la mahindi, alisimama mtu. Mvua ilikuwa inamwagika juu yake kama mtu anayemwagiwa ndoo, na yeye hakusogea. Amevua kofia, ameinamisha kichwa, ametazama upande, si mlangoni. Paa la jikoni lilikuwa hatua tano kutoka kwake, na kulifikia ilimpasa apite mbele ya mlango alipokaa mgeni.

"Ah, huyo ni wangu," alisema Mama Walter. "Sijui amepatwa na nini leo. Tangu mlipoingia yuko hapohapo. Wewe! Ingia umsalimie mama!"

"Niko sawa, Mama," sauti ilijibu.

"Unanyeshewa!"

"Niko sawa hapa."

"Yawa, mtu atadhani kuna mkwe humu ndani!" alicheka Mama Walter. Kisha akapaza sauti. "Walter! Walter, nasema ingia!"

Mkono wa Mama Dorca uliokuwa unaelekea kwenye ugali ukasimama hewani.

Alimtazama kijana aliyesimama mvuani, akakitazama kichwa chake kilichoinama, akaitazama njia yote iliyokuwa kati ya ghala na mlango, ambayo mtu angeweza kuipita kwa hatua kumi kama asingekuwa na sababu ya kutoipita. Debra alijua mama anaona nini. Anaona pazia likifunguliwa Obunga, na viatu juu ya shuka.

"Debra," alisema Mama Dorca taratibu.

Mwiko ulianguka sakafuni. Mama Walter alikuwa amegeuka, mdomo wazi.

"Debra?" alirudia. "Debra yupi? Debra wa Obunga?"

Wale akina mama wawili wakatazamana. Mmoja alikuwa na sahani mapajani. Mwingine alikuwa ndiye aliyeipakua. Debra, ambaye katika maisha yake yote hakuwahi kukosa uongo wa kusema, alitafuta mmoja akakuta kabati tupu.

"Miezi mingapi?" mama yake aliuliza bila kumtazama.

"Kumi na sita."

"Na helmeti ile?"

"Ni yeye."

"Kwa hiyo kunguni, na jogoo, na nyoka..."

"Mama, nilitaka..."

"Nyamaza. Nafikiri." Mama Dorca alivuta pumzi kwa pua. "Umenitembeza siku nne na mstari mbele ya jina langu. Ungeniacha nilale?"

Debra alilibana daftari kifuani. "Sijui. Nilikuwa sina pa kwenda, Mama. Kila upande ni wewe."

Mvua ilipiga mabati. Mzee Oketch alikuwa ameyageuza macho yake ukutani, kwenye kalenda ya mwaka juzi, akaisoma kwa makini sana. Ungeweza kusikia mchuzi ukipoa.

Mama Dorca akaiinua sahani kwa mikono miwili, akamnyooshea Mama Walter.

"Mama, samahani. Sitakula."

"Kuku ana kasoro?" Mama Walter aliuliza, sauti imekufa.

"Kuku ni mzuri. Harufu yake nitaikumbuka mpaka kilimani." Alianza kuvaa viatu vyake vya raba juu ya vitambaa vilivyolowa, akikunja uso kila kidole kilipoingia. "Na sitalala hapa."

Mama Walter aliipokea sahani. Ilimchukua muda kuelewa. Kisha uso wake ukafunguka, na sijui kama pwani ile imewahi kumwona mwenyeji aliyekataliwa chakula na kitanda siku moja akafurahi kiasi kile. Aliziba mdomo kwa mkono ili vigelegele visitoke kabla ya wakati.

"Hatukushiki, mama," alisema Mzee Oketch akiiambia kalenda. "Pita salama."

"Lakini utalala wapi?" Debra aliuliza. "Hakuna mahali, nimehesabu mara tisa!"

"Kwa yule mama wa duka. Kuna magunia ya unga. Unga haukuwahi kuoa."

Nje, Mama Dorca alisimama mlangoni mwa boma. Hakumgeukia kijana wa ghalani. Aliongea na mvua.

"Njia ina giza na mimi ni mzee. Mtu mwenye tochi angetangulia mbele, mbali kidogo, bila kugeuka, ningemfuata."

Tochi iliwaka. Walter alipita kando, upande wa mbali wa ua, akatangulia kwenye tope hatua ishirini mbele, amenyooka, shingo haikugeuka hata kidogo. Debra aliufuata ule mwanga kwa macho mpaka ukamchoma. Alitamani kukimbia. Badala yake alishika kiwiko cha mama yake, na safari hii ni mama aliyembana mkono, kwa nguvu, hadi ukauma.

"Daftari liko wapi?"

"Hapa. Limelowa."

"Fungua jina langu. Safu ya tatu. Futa huo mstari, uandike."

Debra aliegemeza daftari kwenye mgongo wa mama yake, chini ya leso, akaandika kwa kalamu iliyokuwa inakataa: Mzee Oketch. Herufi zilisambaa kwa maji, lakini zilisomeka.

Kicheko kikampanda kutoka tumboni, kilekile kilichomfanya awe katibu.

"Usicheke," alisema Mama Dorca, akitazama tochi iliyokuwa inawangoja mbele bila kugeuka. "Sijasema ndiyo. Nimesema tu sitalala."